Boriti ya Bibi Pazia

Katika mji wetu mdogo wenye kuta kongwe, kila mtu alijua nyumba ya Bibi Pazia ilipo, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kuingia. Huo ndio muujiza wetu. Nyumba ilikuwa na miaka arobaini ya biashara bila mteja, na wanawake saba waliokaa humo walikula wakashiba na kuvaa wakapendeza, sijui kwa baraka za nani.

Mimi ni karani wa mahakama. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa kizimbani, ya kweli na ya uongo, kwa mwandiko uleule. Bibi Pazia aliposhtakiwa kwa kuendesha danguro, nilinunua kalamu mpya. Nilijua nitacheka.

Mwenyewe hakuwa na la kuchekea. Akitiwa hatiani, nyumba ingechukuliwa na halmashauri, na kamati ya majengo ya kale ilikuwa imeshachora kibao cha makumbusho. Bibi Pazia alizaliwa humo, mama yake alifia humo, na sasa alikuwa na miaka sitini na tisa na magoti mabovu.

"Wanifunge tu, mwanangu," aliniambia alipokuja kuchukua hati ya mashtaka. "Jela nitatoka. Nyumba ikienda, imekwenda."

Simtetei. Yaliyofanyika mle yalifanyika, na si yote yalikuwa ya kucheka. Lakini hakuyafanya peke yake, na kizimbani alikuwa peke yake.

Mashahidi walikuwa watatu. Wa kwanza ni mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kale, mtu anayeipenda historia kiasi kwamba hapa mjini hugongomei msumari ukutani kwako bila barua yake. Alitokwa na machozi akieleza jinsi mji unavyopakwa matope.

"Umewahi kuingia ndani?" hakimu akamuuliza.

"Mimi, Mheshimiwa? Hata kivuli cha nyumba ile nakikwepa!"

Wa pili alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyeifundisha maadili nusu ya mji huu kwa fimbo. Naye hajawahi kuingia. Akifika mtaa ule huvuka barabara, tena huku akitazama chini. Niliyaandika yote nikijiuma mdomo. Shida ya mwendesha mashtaka ni kwamba kivuli na barabara havimfungi mtu.

Shahidi wa tatu ndiye aliyekuwa na uzito. Alikuwa mpima ramani wa halmashauri, na alileta mchoro wa nyumba nzima: vyumba saba vidogo ghorofani, kila kimoja na beseni lake la kunawia na komeo la ndani. Hakimu aliugeuza mara mbili, akauliza mabeseni na makomeo ameyajuaje.

"Nilipima kwa nje tu, Mheshimiwa. Ya ndani nilikadiria kwa kuangalia madirisha na mabomba. Sijawahi kukanyaga mle. Ni utaalamu."

Nilijivuna kidogo nikiandika neno utaalamu, kwa sababu mpima yule ni mume wangu. Msiniulize kama inaruhusiwa. Katika mji kama wetu, ukizuia ndugu na jamaa kukutana kwenye kesi moja, mahakamani vitabaki viti.

Bibi Pazia alipopewa nafasi ya kuwahoji mashahidi, alisimama kwa shida, akashika ukingo wa kizimba.

"Sina swali, Mheshimiwa. Nina ombi. Nyumba yangu inasimuliwa na watu wasioijua. Naomba mahakama ije iione."

Mwendesha mashtaka aliruka kupinga kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake, hata saa ya chakula ikifika. Lakini hakimu alikuwa na miezi mitatu tu tangu ahamie kwetu, bado alikuwa anaamini vitu. Alikubali, akaagiza mashahidi wote wawepo.

Tulifika kesho yake saa nne asubuhi. Nyumba ile, ukiingia mlango mkubwa, unapokelewa na ujia mwembamba wenye kuta nene, na giza lake halijali saa. Hatua tano kutoka mlangoni imepita boriti ya mti mweusi, ya tangu enzi, sawasawa na paji la uso la mtu mzima. Kamati hairuhusu ikatwe, wala ipakwe rangi. Baadaye niliambiwa kwamba Bibi Pazia humwahi kila mgeni kwa maneno mawili, "Kichwa, baba." Siku ile taa ya ujia ilikuwa imezimwa na mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, kimya.

Nilipompita alinishika mkono.

"Mwanangu, wewe tangulia na Mheshimiwa. Na usitazame nyuma, sakafu mbaya hii."

Nikadhani anavionea huruma viatu vyangu.

Hakimu alikwenda mbele. Nilisikia pu! na neno ambalo sikuliandika. Kabla sijamwuliza kulikoni, na mimi nikaipata yangu, maana ni mrefu, mume wangu huniita mlingoti. Kalamu ikadondoka. Nikainama kuipapasa, uso umeelekea mlangoni kwenye mwanga, nikawaona wanavyokuja.

Mwenyekiti aliinama. Aliinama mapema, kwa adabu, akanyanyuka palepale boriti inapoishia. Mwalimu mkuu, ambaye kwa miaka thelathini hakumwinamia mtu, akainama. Mwendesha mashtaka akainama na jalada lake kwapani. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja, mbavu zinaniuma kwa kicheko. Wa mwisho alikuwa mume wangu, tepu mkononi, akimweleza mwendesha mashtaka habari za unene wa kuta. Aliinama bila kukatiza sentensi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kicheko kilinikauka, na nilitamani kumpiga na daftari la serikali.

Hakimu alikuwa amejiegemeza ukutani, leso usoni, macho ameyafumba.

"Nimesikia vichwa viwili," alisema. "Changu na cha karani. Tumeingia watu sita. Hawa wanne wamepitaje?"

Mwendesha mashtaka akafungua jalada lake, akajifanya anasoma gizani.

"Karani, wewe ulikuwa umeelekea mlangoni. Nitajie shahidi aliyeinama kabla ya kugonga, na uandike."

Nikamtaja mwenyekiti, nikamtaja mwalimu mkuu. Mwendesha mashtaka hakuwa amekula kiapo, kwa hiyo hakuulizwa, na alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Na mpima?"

Nyumba nzima ilikuwa imening'inia hapo. Maneno ya wale wazee wawili yalikuwa upepo. Mchoro ndio ungemmaliza Bibi Pazia. Nikisema mpima alikuwa bado nje, mchoro unasimama, yeye anatolewa na magoti yake, na mimi narudi kwangu na ndoa isiyo na doa hata moja kwenye jalada. Mume wangu alinitazama kwa yale macho anayoniombea radhi akichelewa kutoka kazini. Amechelewa sana miaka hii, maskini. Kupima ni kazi ngumu.

"Muacheni, Mheshimiwa," Bibi Pazia akasema kutoka mlangoni. "Huyu msimuulize."

Ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka nitangulie. Nyumba ilikuwa yake, na bado alijaribu kunisitiri.

"Ameinama," nikasema. Nikaandika, na mwandiko haukubadilika.

Hakimu alitoa leso. Nundu yake ilikuwa imekomaa. Alisema kiapo bado kinaweza kurekebishwa, na shahidi yeyote anayetaka kuisaidia mahakama aseme sasa hivi aliingia humu lini na alifuata nini. Neno moja tu la kweli lingemfunga Bibi Pazia na kuipatia historia makumbusho yake. Mwenyekiti akaanza kukagua dari. Mwalimu mkuu akashikwa na kikohozi. Mume wangu akawa anakunja tepu, polepole, kama ina urefu wa kilomita.

Kesi ilifutwa kabla ya adhuhuri, kwa kukosekana shahidi wa kuaminika. Wiki iliyofuata kamati ilipitisha kwa kauli moja kwamba boriti ikatwe, kwa usalama wa wageni. Bibi Pazia aliwatolea barua yao wenyewe yenye mhuri: haikatwi, haipakwi rangi.

Jioni ya siku ile ya boriti mume wangu aliwahi kurudi, mara ya kwanza mwaka huo. Nilikuwa nimekaa sebuleni na kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, nalia, na sikutaka kumficha. Nyumba yetu ni mpya. Ramani yake aliichora mwenyewe, na mlango aliuweka mrefu makusudi, ili mlingoti wake apite bila kujikunja. Niliusikia ufunguo ukizunguka.

Aliingia ameinama.