Mashine ya Mehboob Yapanda Towelo

Mehboob, fundi bati wa Mwembesongo, kule mjini, aliipata injini yake kwa kubadilishana na beseni la kuogea. Mjerumani mmoja mwenye shamba la mpira alikuwa ametumbukia korongoni na pikipiki yake, akatoka na goti bovu na chuki kwa kila chenye magurudumu mawili. Alichotaka sasa ni kuloweka goti katika maji ya moto. Mehboob akamtengenezea beseni refu kama mtumbwi, kisha akarudi nyumbani anasukuma mabaki ya pikipiki kwenye mkokoteni, huku anaimba.

Injini akaifunga juu ya fremu ya mbao, akaiunganisha kwa mnyororo na msumeno wa duara. Kilichomtoa jasho ni kabureta, kile kikombe cha shaba kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ikizidi, injini hukohoa moshi mweusi. Ikipungua, hutema moto. Katikati ya maradhi hayo mawili pana skrubu moja ndogo, na Mehboob aliinama juu ya skrubu hiyo asubuhi na jioni, mpaka mkewe Khatija akamwambia, "Baba Dolat, ungekuwa unanisikiliza mimi hivyo, tungekuwa tumeshafika mbali."

Siku injini iliponguruma kwa raha kama paka aliyeshiba, Mehboob alimtangazia kila mpita njia. Aliyemwamini ni Salehe wa Towelo, huko mlimani. Salehe alikuwa akimjengea nyumba mama mkwe wake, Chausiku, aliyekuja kumwangalia binti yake alipojifungua, na mtoto mwenyewe sasa alikuwa anakimbiza kuku. Nguzo na paa vilikwisha simama. Zilikosekana mbao za milango na madirisha.

"Mama ni mtu mzuri sana, fundi," Salehe alinong'ona. "Ila nataka awe mzuri nyumbani kwake."

Mashine ikapandishwa mlimani mabegani mwa wanaume, ikatuliwa kwenye mteremko kando ya gogo la mkangazi, juu kidogo ya nyumba mpya. Chausiku akavuta kigoda, akaketi na ndizi zake za kuchoma.

"Shikamoo, mama," Mehboob akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Mehboob akazungusha mkono wa kuwashia. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Akazungusha tena. Ikakohoa vibaya zaidi.

"Mgonjwa wako huyu ana kifua," Chausiku akasema. "Mpeni tangawizi."

Watu wakacheka. Mehboob alihisi masikio yakimwaka. "Si ugonjwa, mama. Kule mjini niliipimia hewa nzito. Huku juu hewa ni nyepesi, na petroli ni ileile. Inapaliwa."

Akaipunguzia petroli kwa skrubu. Safari hii injini ikapiga mlio kama bunduki, ikatema ulimi wa moto, na nusu ya nyusi za Mehboob zikaenda nao. Salehe akammwagia maji fundi, wala si mashine. Mehboob akajifuta uso, akairudisha skrubu kidogo, kidogo tena, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto.

Na injini ikaitika! Ikanguruma laini, bila moshi wala kikohozi, msumeno ukazunguka mpaka meno yake yakapotea machoni. Mehboob akafumba macho kwa utamu. Ndiyo maana hakuona kwamba hakupigilia vigingi vya kushikilia fremu.

"Fundi!" Salehe akapiga kelele. "Inaondoka!"

Fremu ilikuwa inatetemeka na kuteremka, kwanza kwa aibu, halafu kwa kasi. Ikapita katikati ya maharage, ikawatawanya mbuzi, Mehboob akiikimbilia nyuma bila kuthubutu kuusogelea msumeno. Ikafika kwenye nguzo ya pembeni ya nyumba mpya, ikaikata, ikanasa kwenye nguzo ya pili, ikazima. Nyumba ikalia, ikainama polepole, ikalala chini.

Salehe alishika kichwa kwa mikono miwili. Mehboob akamgeukia, uso umejaa masizi na furaha.

"Umesikia, Bwana Salehe? Haikukohoa hata mara moja!"

Chausiku ndiye aliyejibu, akishika mbavu kwa kicheko. "Mwacheni fundi wa watu. Mimi hata sikuwa na haraka ya kuhama."

Adhabu ya Mehboob ilikuwa kubaki Towelo kupasua mbao kwa msumeno wa mkono, Salehe akishika ncha moja juu ya gogo, yeye ncha ya pili shimoni chini yake. Unga wa mbao ulimwingia machoni, ndevuni, mpaka kwenye chai. Mchana Chausiku alimletea chakula, akachuchumaa ukingoni mwa shimo na kumuuliza kwa upole kama mashine ile ingeweza pia kutwanga mahindi.

Mehboob akaacha kuvuta msumeno. "Ngoja nifikirie, mama," akasema.

"Usifikirie!" Salehe akafoka kutoka juu. "Vuta!"