Mrija Ukutani kwa Wasike

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Wasike mwenyewe huisimulia hadithi hii akicheka mpaka machozi, kwa hiyo nami sina haya. Ilikuwa Jumapili, mwaka wa sabini na moja. Nilichinja jogoo hapa Kaloleni kumpongeza Wasike, mdogo wangu, kwa kuacha pombe.

Msinicheke, ushahidi nilikuwa nao. Kwetu Wabukusu kila mwanamume ana mrija wake wa kunywea busaa, pombe yetu ya nafaka, mrefu kumshinda mwenyewe. Anaubeba hadi penye chungu, wanaketi duara, wanavuta wakipiga soga. Mrija wa Wasike ulikuwa umetundikwa ukutani tangu mavuno, buibui wamejijengea. Nikasema, huyu ameokoka! Nikamsemea kwa wazee wa kanisa kule Otonglo, wakampa kazi ya kuezeka paa. Jumatatu yake alikuwa apande juu.

"Chungu ameacha," mke wangu Nasipwondi aliniambia akimnyonyoa jogoo. "Pombe je?"

"Mama Elsie, wewe hata malaika ungemnusa mdomo!"

"Huyu nimemnusa. Anatafuna karafuu tangu asubuhi, na meno yake mazima."

Nikacheka. Mezani Wasike akapewa chai, kikombe kikagonga sahani kama madigadi ya baiskeli iliyolegea.

"Bwana fundi, unamwogopa jogoo?" nikamtania.

Metrine, mkewe, hakucheka. Wasike akainuka, eti anatazama kama mvua inakuja, na jua lilikuwa la kuanika omena, dagaa wa ziwani. Aliporudi mikono imetulia tuli, na hadithi zinamtoka kama maji.

Hapo kicheko changu kikakatika. Nikatoka nje. Nyuma ya pipa la maji nikakuta chupa ya dawa ya kikohozi. Nikainusa: chang'aa, ile pombe kali. Nikaileta, nikaiweka kando ya jogoo.

"Kesho hupandi paa."

"Kwa tone hili? Kaka, nakunywa peke yangu, kimya kimya, simsumbui mtu."

"Ndiyo ubaya wenyewe," akasema Nasipwondi. "Penye chungu wenzako wangekuambia imetosha, shemeji. Nyuma ya pipa anakuambia nani?"

"Basi mmeshanifanya mlevi! Mlevi huanguka. Nani hapa amewahi kuniona nimeanguka?"

Metrine alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mkono begani mwake, kama ilivyokuwa desturi yake. Akauondoa. Akavuta kiti, akakaa.

"Hujaanguka, Baba Rosa, kwa sababu unaniegemea mimi. Sasa nimekaa. Simama tuone."