Maman Kasoki Anapaa

"Maman Kasoki, siku mdomo wako utakataa, nani atakusemea?"

Jirani yake Yolande alimuuliza hivyo kwenye ngazi za jengo lao, huko Laeken ughaibuni, wote wawili wakipumzika na mifuko ya viazi kwa sababu lifti ilikuwa imekufa tena. Kasoki alikuwa na moyo mbovu, na siku hiyo alikuwa ametoka kwa daktari. Alijibu kwamba Mungu ndiye atakayemsemea.

"Mungu, sawa," Yolande akasema. "Lakini hospitali bataomba muntu mwenye simu."

Swali lilimkaa moyoni. Jumapili baada ya ibada, shemeji yake Éliézer, mdogo wa marehemu mume wake, alikuja kula. Kasoki alimpa firigisi ya kuku, kama inavyompasa mwanamume mkubwa wa ukoo, na baada ya chakula akaandika jina lake kwenye fomu ya daktari kuwa ndiye wa kuamua siku yeye hataweza. Binti yake Jémima alikuwa pale pale, anaosha sahani. Kumruka shemeji na kumwandika mtoto kungekuwa sawa na kumpa mtoto ile firigisi.

Lakini anachokitaka mwenyewe Kasoki hakumwambia Éliézer. Mwanamke haongei habari za mwili wake na shemeji. Alimwambia Jémima, wakichambua mboga ya lengalenga: kama hakuna kuamka, asipumuliwe na mashine, aachwe aende kwa Bwana wake.

"Basi uniandike mimi, mama."

"Na tonton, baba yako mdogo, utamweka wapi?"

Moyo ulisimama Kasoki akingoja tramu. Hospitalini waliuamsha moyo, yeye mwenyewe hakuamka, na madaktari walisema hataamka. Mashine ikampumulia.

Mwanzoni alilala kama wagonjwa wengine. Kisha akaanza kupaa. Muuguzi alipokuja kubadilisha shuka alikuta hana haja ya kumwinua. Alipitisha shuka chini yake, akashukuru, akaandika kwamba mgonjwa yuko juu ya godoro kiasi cha kiganja. Kesho yake ilikuwa kiasi cha mkono. Mpira wa kupumulia ukavutika. Daktari akaagiza mrefu zaidi, nao ukavutika. Fundi wa hospitali akaja akaondoa taa ya darini ili mgonjwa asije akaungua.

"Daktari, unaona mwenyewe anataka kwenda," alisema Jémima.

"Naona," alijibu daktari, mwanamke mpole mwenye macho ya usingizi. "Lakini kupaa si kusema. Wa kusema ni Monsieur Éliézer."

Éliézer alisema afungwe.

Wakaleta mikanda. Wamama wa kikundi cha maombi walikuja na nyimbo zao, wakashika miguu kwa zamu, na kila mmoja akaweka mkoba wake juu ya tumbo la mgonjwa kuongeza uzito. Walisema kwamba Bwana naye alipaa, lakini yeye alikuwa Bwana. Mikanda ilimchubua Kasoki mapaja na mabega. Vidonda vikafunguka, vikapakwa dawa, na mikanda ikarudishwa juu ya dawa. Jémima alipomfuta uso alikuta umelowa. Muuguzi alimwambia ni macho tu yanatoa maji.

Jioni moja wamama walikuwa wamekwisha kwenda. Jémima alipiga magoti sakafuni, mbele ya viatu vya Éliézer.

"Tonton, minakuomba. Mama aliniambia. Alisema aachwe."

"Alikuambia weye. Mimi hakuniambia."

"Angekuambia namna gani? Weye ni shemeji yake!"

"Bon. Na njo mimi aliandika, si weye."

"Na weye, tonton? Siku yako, batakufunga?"

Éliézer alikaza mkanda wa bega, akapitisha kidole chini yake kupima kama umebana.

"Hapana. Mimi nilishaambia muke yangu. Masini hata moja. Baniache niende."

"Alafu mama?"

"Huyu ni muke ya kaka yangu. Kwetu Butembo bataniuliza: ulimuachilia? Nitabajibu nini, mutoto yangu? Nitabajibu nini, mimi?" Alikuwa analia, na mikono yake haikuacha kukaza. "Simama. Shika ule wa miguu. Vuta."

Kasoki alipanda mpaka mikanda ikalia, akabaki hapo, anatetemeka kidogo kama nguo kwenye kamba. Daktari aliingia, akakagua vifungo kimoja kimoja, akasema viko vizuri, akamshukuru Éliézer kwa msaada wake.

Jémima aliinuka, mkanda hakuushika. Alimbusu mama yake kwenye unyayo, kwa kuwa ndio uliokuwa usawa wa midomo yake, akachukua koti, akatoka.