Kambale wa Mama Buko

Sahani ilirudi vilevile ilivyokwenda. Bukari, ugali wa kila siku, ilikuwa imemegwa pembeni kidogo, kama imeonjwa na panya, lakini kambale alikuwa palepale, kichwa na mkia, mchuzi umeganda juu yake. Léonard aliifunua sahani, akaitazama, akaifunika tena. Kisha akawatukana bakubwa, wale wa serikali.

Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu amzike mke wake, Annie. Umeme ukikatika, ni bakubwa. Mvua ikichelewa, ni bakubwa. Na kweli, nani mwingine? Annie alikufa hospitali kwa kukosa damu, na siku hiyohiyo magari mapya ya bakubwa yalipita mbele ya lango la hospitali, yote meusi, yamepangana kama mchwa. Sasa mama yake Annie anakufa njaa katika chumba cha nyuma, na jambo hilo nalo lina wenyewe.

Mama huyo aliitwa Régine. Alikuja kuishi kwao alipofiwa na mumewe, na Annie alikuwa mtoto wake wa mwisho kubaki hai. Léonard alimheshimu kama inavyotakiwa. Kwa watu waliotoka kaskazini, kama wao, buko si mchezo: mume wa mtoto hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye meza moja, wala hazungumzi naye habari za kula. Miaka yote hiyo katika lupango moja, ndani ya ua mmoja, Léonard hakuwahi kumwona akipeleka mkono mdomoni. Annie alikuwa anapeleka chakula nyuma, sahani imefunikwa, na anarudi na sahani tupu. Basi. Sasa Annie hayupo, Léonard anapika mwenyewe, anaweka sahani juu ya kigoda mbele ya mlango, anakohoa ili mama asikie, anaondoka.

Muuguzi wa mtaa alikuja akampima, akasema hakuona ugonjwa. "Anakosa kula tu, papa. Akiendelea hivi, mwezi huu hataumaliza."

Léonard alifikiri sana, kwa namna yake. Akaona kwamba mama anakataa kwa sababu mkono wa Annie haupo. Annie alikuwa na kambale wake: samaki wa moshi kutoka Kasenga, anamlaza kwenye maji ya vuguvugu, anampika polepole na karanga iliyotwangwa na pilipili kavu, mpaka nyama inaachana na mfupa yenyewe. Yeye Léonard anaunguza. Sasa ni nani anaweza kula kambale wa kuungua, na kaburi la mtoto bado udongo mpya? Akaamua: katika Lubumbashi nzima hii lazima upo mkono mmoja unaopika kama Annie, na yeye atautafuta.

Alianzia karibu, kwa Kahambu. Kahambu ni mama wa Butembo, ana butiki yenye maharagwe ya Kivu, jibini ya Goma, na samaki wa kila namna wamening'inia juu kama nguo za kuanika.

"Kambale tena, papa Léonard?" alisema Kahambu. "We unataka kuoa samaki?"

"Si yangu. Ni ya mama buko."

"Na ile ya juzi, alikula?"

"Alirudisha."

Kahambu akapiga ulimi. "Mi naliingia kwake siku ya mungu, kisha misa. Namuuliza, mama, unakosa nini? Anasema, niko muzuri, mwanangu, buko yangu ananichunga sana. Sasa mi nifanye nini? Nimufungue kinywa?"

"Samaki yako njo mubaya."

"Samaki yangu?" Kahambu aliweka mizani chini. "Papa, ile samaki inatoka Kasenga kijana kabisa. Inafika Kasomeno, kamba mu njia. Inatoka Kasomeno, kamba ingine. Kila mutu mwenye kofia anakata yake. Ikifika huku kwangu imeshazeeka kama we."

Hapo Léonard hakubisha. Kwa habari ya kamba za vizuizi na kofia za askari walikuwa wanasali kanisa moja.

"Samaki muzuri inapitaka tu," Kahambu aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Inaenda mu ville, ku restora kwenye banakula bakubwa yako. Kama ni mukono wa kupika unatafuta, tafuta kule."

Kwa hiyo Léonard alivaa koti la misa akaenda mjini. Aliingia restora ya kwanza, mlinzi akamtoa. Aliingia ya pili, wakamwonyesha karatasi ya majina ya vyakula, na yeye kusoma kwake ni kwa shida, akaishika tu kwa heshima akairudisha. Sehemu moja ilikuwa na michopo peke yake, mbuzi anachomwa mpaka barabara nzima inameza mate. Sehemu nyingine samaki alikuja amekaangwa, mkavu kama kandambili. Alionja kila mahali alipoweza kulipa, na kila mahali alitoka na uso ule wa mtu aliyeuliza njia na hakujibiwa.

Kwenye restora kubwa kuliko zote alimkuta Guelord, mtoto wa jirani yake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye shati jeupe na kitambaa mkononi, akamweleza anachotafuta: kambale kama wa Annie.

"Papa Léonard, kambale ya moshi hatuna. Iko tilapia, iko kapitene."

"Kapitene anatoka wapi?"

"Ku frigo, papa."

"Nimekuuliza anatoka wapi."

"Mbele ya frigo hatujue."

Karibu nao walikaa wanaume wenye matumbo na simu mbilimbili. Mbele yao samaki mzima ameliwa upande mmoja tu, ule upande wa pili wamemwachia nzi. Léonard alimtazama samaki yule kwa muda mrefu. Guelord aliona.

"Papa, ngoja kidogo. Bakisimama, mi nakufungia."

"Mama buko yangu hataonja mate ya bale."

"Basi usikasirike." Guelord aliinama kama anapangusa meza. "We unatafuta mapishi ya muke yako, mama Annie, na uko unazunguka huku? Mama Annie na mama yangu balikuwa banaenda kwa Chilufya, ule mama mwenye malewa, kibanda ya chakula, pale soko. Yeye njo alibafundisha kambale na karanga."

"Soko lilivunjwa."

"Balivunja, ndiyo. Chilufya iko nyuma ya parking ya malori, njia ya Kasumbalesa."

Walivunja kweli. Walikuja na mashine asubuhi, wakasema vibanda vinachafua jiji, wakaponda masufuria ya watu na vitoweo ndani. Léonard alikuwa amelisikia jambo hilo na kulilaani kama mengine, bila kujua kwamba mle ndani mlikuwa na mkono wa mke wake.

Alimpata Chilufya chini ya turubai, katikati ya moshi wa makaa na moshi wa malori. Madereva wanaongoja zamu ya kwenda mpakani walikuwa wanakula wamesimama. Chilufya alimpa bakuli bila maneno mengi. Léonard akamega bukari, akachovya, akala.

Ilikuwa yenyewe. Hakuna kilichopungua: karanga, moshi, ule ukali wa pilipili unaokuja nyuma kama mtu aliyechelewa kupiga hodi. Ilibidi aweke bakuli chini na kujifanya jicho limeingia majivu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akajiona ameshinda.

"Nifungie ingine, mama," alisema. "Nyingi. Ya mama buko."

"Mama buko gani?"

"Mama ya Annie. Mama Régine."

Upawa wa Chilufya ukasimama juu ya chungu. "Ule mama hakulake kambale."

"Anakula. Annie alikuwa anamupikia."

"Annie alikuwa anakupikia we. Kwa baba yake ule mama, samaki yenye haina magamba ni kizila. Habaikule, habaiguse. Annie alikuwa anacheka hapahapa: mi niko na chungu mbili, Chilufya, moja ya kambale ya bwana, moja ya majani ya lengalenga ya mama. Lengalenga na karanga, njo chakula yake. We haukujua?"

"Ningejua namna gani?"

"Munakaa lupango moja."

"Ni buko," alisema Léonard.

Chilufya alimtazama, akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa juu ya kreti ya bia. "Unamupa kambale tangu lini?"

"Tangu Annie."

"Na hakusema kitu?"

"Anasemaka iko muzuri."

Wanasema mwenye njaa hana miiko. Aliyesema hivyo hakumjua Mama Régine. Chilufya akasimama. Alimfungia karanga iliyotwangwa kwenye kipande cha karatasi, hakutaka malipo.

Lengalenga, mchicha wa kujiotea, ilikuwa imeota kwake mwenyewe, pale nyuma ambapo maji ya kuoga yanamwagika. Hakuna mkubwa aliyeiwekea kamba. Léonard aliichuma, akaiosha, akaipika na karanga huku akikoroga bila kuondoka, na safari hii haikuungua. Aliweka sahani juu ya kigoda, akakohoa, akageuka mgongo. Alingoja. Alisikia kitanda kikilia, kisha kimya, kisha kitanda tena. Mama hakuweza kusimama.

Ilitakiwa mwanamke. Alikimbia kwa Kahambu akakuta mlango umebandikwa karatasi yenye mihuri. Watu wa kodi walikuwa wamepita asubuhi, na Kahambu amewafuata ofisini kulia. Léonard alisimama mbele ya ile mihuri, akatukana yote aliyoyajua, akarudi nyumbani. Akachukua sahani, akaingia katika chumba ambacho hajawahi kukanyaga, macho kwenye simenti.

Mama Régine alivuta kitenge akafunika uso.

"Mama, unisamehe," alisema Léonard. "Hakuna mwanamuke mu lupango."

Alikaa chini, mgongo kwenye kitanda na uso ukutani, akachota kijiko akakipeleka nyuma juu ya bega lake, kama mtu anayelisha kivuli. Kijiko kiligonga shavu. Kisha mkono mdogo, mkavu, ukamshika kwenye kiganja ukakiongoza. Alisikia akitafuna.

"Lengalenga," alisema Mama Régine.

"Ndiyo, mama."

"Nani alikuambia?"

"Chilufya, ule wa malewa."

Alitafuna taratibu mpaka kikaisha. "Mi nalifikiri unanifukuza," alisema. "Kizila asubui, kizila mangaribi. Nikasema, mume ya mutoto yangu iko na heshima, hawezi kunifukuza na kinywa. Ananifukuza na sahani. Nikatafuta fasi ya kwenda. Sikuona."

"Mama, mi nalizunguka muji muzima juu yako."

"Najua. Kahambu aliniambia unatafuta kambale ya muzuri kupita zote." Alipumua kidogo. "Nikasema, hata kwa kunifukuza anatafuta kintu ya muzuri."

Léonard alitaka kumjibu kwamba hapana, kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyebaki naye chini ya mbingu, lakini maneno hayo si ya kumwambia mama mkwe, na hata sasa ulimi wake uliyakataa. Alichota kijiko kingine. Mkono ule ukamshika, ukamvuta taratibu, mama akameza. Akachota tena, akameza, kwa shida, na Léonard alijua kwamba hicho alikimeza kwa ajili yake yeye, si kwa ajili ya njaa. Njaa ilikuwa imekwisha kuondoka siku nyingi.

Kilichofuata kilibaki mdomoni, hakikushuka. Vidole vikalegea kwenye kiganja chake. Léonard, uso bado ukutani, alinyoosha kijiko nyuma akangoja mkono umvute tena. Alingoja mpaka bega likamuuma, na hakugeuka, kwa sababu ya heshima.