Vigoda vya Hamu

Saluni nzima ilijua kwamba mume wa msusi ameacha sigara, maana msusi hakusuka kichwa cha mtu bila kumsimulia. "Wangu mimi akisema basi, ni basi!"

Kilichomsumbua ni kidonda. Msumeno ulikuwa umemchana mumewe, ambaye ni seremala, mguu, na kidonda kilikataa katakata kufunga. Wifi yake, ambaye ni muuguzi, alikisafisha akatikisa kichwa.

"Kaka, nyama haioti. Kikizidi hivi, mguu utakatwa."

"Sigara sijagusa, haki ya Mungu!"

Msusi alifungua kinywa amtetee, ndipo akaona mdomo wa chini wa mumewe umetuna. "Hebu achama." Kumbe ugoro!

"Huu hauna moshi," seremala akajitetea.

"Moshi una balaa lake," alisema muuguzi, "lakini nikotini ni ileile, hata ikiingilia mlango wa uani. Inabana mishipa, damu haifiki vizuri kwenye kidonda. Askari wa mwili nao inawalegeza, vijidudu vinajitanua kama viko kwao."

"Mbona inanituliza mawazo?"

"Ikutulize wapi! Inaamsha homoni za mfadhaiko, moyo unakwenda mbio. Ikipungua unatetemeka, ukibwia tena unajiona umepona. Mtu akuchomee nyumba kisha akuletee ndoo ya maji, utamwita jirani mwema?"

Msusi angeweza kufunika kombe mwanaharamu apite. Hakufunika. Asubuhi aliwatangazia wateja: "Jamani, nilijisifu mapema. Alihamia kwenye ugoro. Sasa anaacha vyote, na ataachia hapahapa, mbele yenu."

Akamketisha mumewe pembeni na mbao za vigoda na msasa. Hamu ikimpanda, anasugua. Kigoda cha kwanza kilichechemea kuliko yeye.

"Shemeji, kiti chako kimelewa?" wanawake walimcheka.

"Kalieni hivyohivyo, hamu ilikuwa kali!"

Kila kigoda kilichofuata kilisimama vizuri kuliko kaka yake, maana mikono ilikuwa inatulia. Saluni ilipokaribia kukosa pa kupita, muuguzi alifungua bandeji mbele ya wote, akapapasa kovu jipya, kavu.

"Kimefunga!"

Vigelegele vikapasua paa. Msusi akainua kidevu, akamshika mkono mteja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akamsogezea kigoda cha mwisho.

"Kaa, dada, usiogope. Hiki hakichechemei. Wala fundi wake."