Sanda ya Bi Tatu

Mume wangu Kondo si mwizi. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa Mzenga watu wana midomo, na wengine mpaka leo wakimwona njiani humwita Maiti, kisha wanacheka. Wacheke tu. Hawajui anavyolala.

Mwaka ule Malkia wa Uingereza alipovikwa taji, alikuja Mwalimu Lucian kutoka Janga na mashine ya kupigia senema, kuukuu, ya kuzungusha kwa mkono. Alitaka kutengeneza picha yake mwenyewe, ya kutisha: maiti anatoka kaburini, anapita kwenye mikorosho, anagonga mlango wa nduguye. Hakuna neno hata moja, maana mashine haikuwa na sauti. Maiti angefunikwa uso, kwa hiyo kilichotakiwa ni mwendo tu, na kwa mwendo wa madaha nani atamshinda Kondo? Alikubali kabla hajaulizwa vizuri.

Shida ikawa nguo. Mwalimu alisema merikani mpya ya dukani inang'aa mno juani, kwenye picha itakuwa weupe mtupu usio na umbo. Alitaka kitambaa cheupe kilichokaa, kilichoanza kuingia manjano. Na Kondo, badala ya kunyamaza, akakumbuka kasha la mama yake.

Humo Bi Tatu, mama mkwe wangu, alikuwa ameweka sanda yake. Kaka yake Mwinyijuma alikwenda kuhiji, akaichovya katika maji ya Zamzam, akamletea, na huyo kaka mwenyewe hakukaa sana akafariki. Basi ile ndiyo ilikuwa amana ya mama. Kila Alhamisi aliitoa, akaifukiza ubani, akaikunja upya. Siku moja kaa liliruka kutoka kwenye chetezo likatoboa pindo, mama wa watu akalia kama kafiwa.

Kondo aliichukua mama alipokwenda shamba, akairudisha kabla hajarudi. Hakuniambia hata mimi. Jamani, sanda si shuka. Mtu mzima, aliyekaa chuoni akahitimu, anavaa sanda ya mama yake mzazi ili atishe watoto? Nikikumbuka, damu inanichemka.

Picha ilioneshwa Kisarawe baada ya isha, kwenye ukuta wa duka. Tulikwenda wote, na mama tukamkalisha mbele kwa sababu ya macho yake. Maiti alipotokea, watoto walipiga mayowe, wanawake wakashikana. Kondo pembeni yangu anatabasamu, ananikanyaga mguu nijue ni yeye. Kisha maiti akageuka kwenda zake, pindo likajaa ukuta mzima, na kwenye pindo kile kitundu, kikubwa kama sinia.

Mguu wa Kondo ukaacha kunikanyaga. Mama hakupiga yowe. Aligeuka nyuma, akamtafuta mwanawe kati ya watu, akamtazama, halafu akarudisha macho ukutani na kuangalia mpaka mwisho.

 Kesho yake mama aliamka kama kawaida. Alimpikia, akamwitikia marahaba, akamwuliza habari za mihogo, lakini la sanda hakuligusa. Kondo akakonda. Nikamwambia nenda ukamwombe radhi, hili jambo litakuua. Alikuwa akifika mlangoni kwa mama, anarudi. Mama alikuwa mzee, na akiondoka bila kumpa radhi, yeye atauweka wapi uso wake?

Masika yale mama akashikwa na kifua. Alhamisi moja alituita, akaniambia nitoe sanda kashani. Kondo akapiga magoti kabla sijafungua kifuniko, akalia kwa sauti, akasema yote: mwalimu, merikani, miiba aliyoichomoa mmoja mmoja kwenye kitambaa. Mama alimsubiri amalize.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Radhi zangu zote unazo. Ila sanda hii ichukue. Umeshaivaa wewe, ni yako. Mimi kaninunulieni nyingine dukani."

Kondo alimsihi. Alisema ataifua, ataipeleka kwa shehe isomewe. Mama alitikisa kichwa, kwa upole tu, akaomba maji ya kunywa.

Tulimzika kwa merikani mpya, ingali ngumu kwa dawa ya kiwandani. Kondo ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Aliniambia baadaye kwamba ile nguo ilikuwa ikichakarika mikononi mwake kama karatasi, na kwamba heri mama angemnyima radhi.

Sanda ya Zamzam iko kwenye kasha, chini ya kitanda chetu, upande wake. Kila Alhamisi naitoa naifukiza ubani, maana ni ya mume wangu na lazima mtu aitunze. Yeye akisikia harufu ya ubani huchukua jembe akaenda shamba, hata kama giza limeshaanza kuingia.