Sindano Pembeni ya Jicho

Mama Pindo alikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho tangu milango ilipofunguliwa, leso imefunika jicho la kushoto. Mwanga ulimchoma kama pilipili. Kiwandani, alikokuwa akishona sare, msimamizi alishamwondoa kwenye cherehani akampeleka kukata nyuzi, maana yale mapindo yaliyompa jina yalianza kwenda upogo.

"Uvimbe umerudi," daktari alisema baada ya kummulika. Alikuwa binti mdogo, mwenye mikono mipole. "Vidonge vilikupandishia sukari, hatuvirudii. Leo nakuchoma sindano, dawa ikae palepale penye ugonjwa."

"Ndani ya jicho, mwanangu?"

"Pembeni, mama. Natia ganzi kwanza. Tukichelewa, huo ukungu unaouona hautaondoka tena."

Kwenye dirisha la dawa, mtunza dawa alijibu bila kuinua uso. "Imekwisha."

Daktari alikuwa amemfuata mgonjwa wake. "Asubuhi nimeona chupa moja kabatini."

"Ile ina mwenyewe. Mkubwa wa hospitali kaagiza awekewe mama mkwe wake."

"Anaumwa macho?"

"Siku akiumwa."

Daktari akarudi nyuma hatua moja. Mkataba wake ulikuwa wa muda, na mkubwa huyo ndiye aliyeusaini. "Rudi wiki ijayo, mama," akasema kwa sauti ya chini.

Mama Pindo hakumkasirikia. Mnyonge ni mnyonge, hata akivaa koti jeupe. Alipitisha mkono dirishani, akashika ukingo kwa ndani.

"Toa mkono, nafunga."

"Funga. Nikivunjika, hospitali si hii hapa?"

Foleni ikacheka. Kisha mzee mwenye bandeji usoni akasogea. "Mimi pia niliambiwa imekwisha."

"Na mimi," akasema mwanamke nyuma yake.

Hakuna aliyecheka tena. Mtunza dawa aliwatazama mmoja mmoja, akaenda kabatini, akaitoa ile chupa.

Ganzi ilichoma kidogo, kisha ukaja uzito, kama mtu amemwegemezea kidole pembeni ya jicho. Daktari akachomoa sindano, akamwekea pamba.

"Watakuuliza habari ya chupa," Mama Pindo alisema.

"Wataniuliza."

Alipotoka, yule mzee alikuwa bado dirishani.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Basi na sisi tutapata," mzee akasema, akajiweka sawa kungoja.

Mama Pindo alijua ile chupa ilikuwa ya mwisho, kabati ni tupu. Kiwandani walikuwa wakimngoja. Hata hivyo akakaa naye kungoja.